Siku ya tatu si juisi tena

Wiki ya mavuno ya zabibu nilikuwa Hombolo, Dodoma, kwa dada yangu. Yeye na mumewe wana shamba dogo, na uani wana chumba cha kutengenezea mvinyo. Mweupe wanautoa kwenye Chenin Blanc: zabibu zinakamuliwa, inachachushwa juisi peke yake. Mwekundu ni wa zabibu ya Makutupora, nao unachacha pamoja na maganda, maana rangi inatoka humo.

Siku ya tatu mpwa wangu, miaka saba, akaja anayumba na kucheka hovyo. Alikuwa amechota kikombe kwenye pipa la mwekundu.

"Mjomba, si juisi? Mama alitupa juzi!"

Mzazi mwenzangu, hapo nilinyamaza. Ni kweli alipewa, pipa lilelile, kikombe kilekile. Na bado ilikuwa tamu, kwa sababu sukari haigeuki kilevi yote kwa siku moja. Mtoto angejuaje?

Tulimkimbiza zahanati. Pombe hushusha sukari ya damu ya mtoto haraka, na yake ilikuwa imeshuka. Alilazwa hadi asubuhi.

Sasa juisi ya watoto inatolewa kabla ya kuchachusha, inachemshwa, inakaa jikoni kwenye jagi lake. Chumba kina kufuli, ufunguo anao dada.

Kimebaki kimoja. Shemeji bado anajaza mvinyo mweupe kwenye chupa za maji ya kunywa. Nimemwambia mara mbili.