Keki Isiyomfikia Gogo Si Keki ya Sherehe



Leo sina vichekesho. Leo tuongee kuhusu keki, na kabla hujasema ati hii ni mada ya akina mama, ngoja kwanza nimalize.

Novemba 2025 binamu yangu alihitimu. Kwetu upande wa Litein, mtu akihitimu ni kijiji kizima kimehitimu. Hema linakuja, viti vya plastiki vinakuja, mbuzi wanaaga dunia, mursik inatolewa kwenye kibuyu. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo kwenye kamati nilipewa ile kazi hupewa mtu wa simu: picha, video na "mambo ya kisasa". Mambo ya kisasa ndio keki.

Mimi ndiye nilisema tuagize ya ghorofa tatu. Naanza na hapo ndio usidhani nimekuja kuhukumu watu. Bei ilikuwa shilingi 14,000, na hiyo ni baada ya kupunguziwa, kwa sababu tulikubali ghorofa mbili za chini ziwe bandia. Yaani lile povu jeupe hufungiwa televisheni, limepakwa aisingi juu. Keki ya ukweli ilikuwa ile ndogo ya juu tu, kilo mbili. Mwokaji alituambia wazi, hakudanganya mtu. Uamuzi ulikuwa wetu, na wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Mama yangu alitoa 3,000 kutoka kwa bonasi ya chai.

Siku ikafika. Watu karibu 150. Keki ikakatwa, nikazunguka na simu, taa safi, muziki safi. Vipande vikaenda meza ya mbele: mhitimu, wazazi wake, mchungaji, wageni waheshimiwa. Watoto walikuwa wamejipanga mstari nyuma ya hema, wadogo mbele, wakubwa nyuma, venye walifunzwa shuleni. Wakaambiwa imeisha. Na mbele yao ghorofa mbili bado zimesimama, nzima kabisa. Hebu jaribu kumweleza mtoto wa miaka mitano hiyo kitu.

Video ilitazamwa mara 40,000. Usiku huo nilikuwa kwa moto nikihesabu, gogo akaniita.

"Weri, niliona mkikata ile keki. Ilikuwa tamu?"

Hakuwa analalamika. Alikuwa anataka tu kujua. Nikamwambia ndio, gogo, ilikuwa tamu. Na ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa nimeionja.

Maoni yangu tangu siku hiyo ni haya: keki ya sherehe kazi yake ni kumfikia kila mtu aliyekuja. Kama haitafika, usiikate mbele ya watu. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Hawakusema kizuri mwonyeshe nduguyo.

Fikiria nyama. Hakuna mtu Kericho wala Bomet anaweza kuleta mbuzi wa bandia. Huwezi kufunika povu na ngozi ya mbuzi, upige picha, halafu uwape watu wa mbele maini na wengine uwaambie asanteni kwa kuja. Watakufukuza kwenye sherehe yako mwenyewe. Mursik pia, kama ni kidogo, kila mtu anaonja kidogo. Sheria yetu ya kugawa tunaijua vizuri sana. Ni keki tu tumeitoa kwenye hiyo sheria, tukaiweka upande wa mapambo pamoja na puto.

Na pesa zenyewe si za mchezo. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, na ndiyo hulipa karo, deni la duka na bima. 2025 viwanda vingi vya huku vililipa chini kuliko mwaka uliotangulia. Kwa miaka sasa mkulima wa Kericho na Bomet amekuwa akipata bonasi ndogo kuliko mwenzake wa upande wa Mlima Kenya. Sasa mtu amechuma chai mwaka mzima, mvua ya saa nane ikimpiga, halafu elfu tatu yake inanunua povu. Manze, hapo mimi nilikosea.

Pasaka ikakaribia nikaambia mama tuoke wenyewe. Akacheka. "Oveni iko wapi?"

Oveni hatuna, lakini watu wa pwani wameoka mkate wa sinia na mkate wa mayai bila oveni kwa miaka mingi. Wanapalia makaa: moto kidogo chini, moto mwingi juu ya kifuniko. Nasi tuna sufuria na tuna makaa. Na chai ikipogolewa tuna kuni ngumu za bure kabisa, zinawaka polepole na kuacha makaa mazuri. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini kama vidole viwili, pasha moto, ingiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko, funika, pakia makaa juu. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua. Usifunue kabla ya nusu saa. Ikifika kama saa moja hivi, chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Keki ya kwanza ilidimbukia katikati ikawa kama bakuli. Nilikuwa nimefuata video ya mtu wa Mombasa. Baadaye ndio nikaelewa: sisi tuko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, maji yanachemka kama nyuzi 93 badala ya 100, na keki inafura haraka kabla haijashika, halafu inaanguka. Dawa yake ni kupunguza beking pauda na sukari kidogo, na kuongeza maziwa kidogo. Kwa nusu kilo ya unga mimi natumia vijiko vitatu vidogo vya beking pauda badala ya vinne. Haijadimbukia tena. Kama keki zako za Kericho hukataa na umekuwa ukijiambia huna mkono wa kuoka, mkono uko sawa. Ni mlima tu.

Hesabu yangu ya Pasaka, keki moja: unga nusu kilo 45, sukari robo 40, siagi robo 120, mayai manne 60, maziwa glasi moja 15, beking pauda 20, limau 10, makaa 60, kwa sababu kuni za chai zilikuwa zimenyeshewa. Jumla 370. Inatoa vipande 24 vya heshima. Tulioka tatu, vipande 72, na watu walikuwa kama 50. Kila mtu alikula na ikabaki ya kubeba.

Sasa rudi kwa ile sherehe ya watu 150. Keki saba kama hizo ni vipande 168. Ni shilingi 2,590. Yaani ni chini ya ile 3,000 mama alitoa peke yake.

Mjomba alinipata nikipiga siagi na sukari, akasimama mlangoni. Akasema mwanaume akishatoka jandoni jikoni si pake, na tena keki ni mambo ya wazungu. Mjomba namheshimu, kwa hivyo nilimjibu polepole. Kuhusu jikoni, nilimuuliza nani alikuwa anampikia shule ya bweni. Alikuwa mwanaume, tena mwenye ndevu. Kuhusu wazungu, nilimwambia ukweli wa hii chai yetu. Chai nyingi ya Kenya inauzwa nje. Kule Uingereza wanakunywa na keki alasiri, hata kuna mkate mtamu wanatengeneza kwa kuloweka zabibu kavu kwenye chai usiku kucha. Sisi tunaoichuma tunakunywa kavu. Kama jani ni letu, keki ya kuteremshia nayo iwe yetu. Hakusema kitu. Alirudi baadaye kuuliza kama imeiva.

Najua wengine wenu mtasema naharibia waokaji biashara. Hapana. Wengi wao ni vijana kama mimi, na hiyo ndiyo kazi inayowalisha. Kama uko na pesa, waagizie na uwalipe bei yao, bila ile ya "si wewe ni wetu, nifanyie ya undugu". Nachosema ni ubadilishe swali la kwanza. Usiulize "ghorofa ngapi?" Uliza "watu wangapi?" Mwambie mwokaji unataka keki tambarare za sinia, moja nzuri ya picha na zingine za kugawa jikoni. Atakuokea, na pesa yake yote itakuwa ya keki, si ya kupamba povu.

Wengine mtasema waache watu wafurahie siku yao. Sawa, mimi mwenyewe naishi kwa picha. Lakini niliangalia ile video ya Novemba tena juzi, polepole. Nyuma ya bega la binamu yangu, kwa pembe kabisa, unaona ule mstari wa watoto wakingoja. Watu 40,000 na mimi mwenyewe hatukuwaona.

Video ya Pasaka nayo ilipata watu 900 tu. Mwanga mbaya, moshi kila mahali, keki imeungua upande mmoja kwa sababu makaa yalihamia huko. Binamu yangu mwenye digrii ndiye alikuwa anapima sukari, mimi nisiye na digrii nikimwelekeza, na hakuna aliyekumbuka hiyo tofauti mpaka sasa ninapoandika. Watoto walipigania kulamba mwiko. Gogo alikula kipande kimoja polepole na chai yake ya maziwa, akaomba cha pili, akakifunga kwa leso.

Nikamuuliza, "Gogo, ni tamu?"

Akasema sukari ni kidogo.

Sherehe za Desemba ziko njiani, na nyinyi ndio mtawekwa kwa kamati za "mambo ya kisasa". Kabla hujatuma pesa ya keki, hesabu vichwa kwanza, anzia nyuma ya hema. Na ukikwama na makaa, niandikie, nitakuonyesha.