Bibi Harusi, Jina Lako Limo Kwenye Hati?

Kila msimu wa harusi tunasikia yaleyale: Ng'ambo kumebanana, bora kiwanja cha mbali. Sisi bado tunaipenda Ng'ambo, Kikwajuni au Michenzani. Darajani unakwenda kwa miguu, adhana inakufikia dirishani, na ukijifungua mama yuko karibu. Zile fleti za miaka ya 1970, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ngazi zake zinachosha, hilo kweli.

Linalotuuma ni jengine. Bibi harusi anatoa mahari yake yachangie nyumba, hati inaandikwa jina la mume peke yake. Suratun Nisaa, aya ya 4, imeshasema mahari ni yako. Ukiyatia kwenye nyumba, jina lako liandikwe siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi, kabla hata hujachagua mapazia.