Nyumbani Kuna Nani?

Safari zote za Korogwe hadi Dar es Salaam mama alikaa wima kwenye basi, amekumbatia mto, maana akiegemea tu pumzi zinakata. Saratani ya titi ilikuwa imefika kwenye utando wa pafu, na maji yakawa yanajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Daktari anapiga ganzi, anapitisha sindano kati ya mbavu, maji ya rangi ya chai yanatoka lita nzima. Mama anavuta pumzi huku machozi yanamtoka. Wiki mbili hazipiti, tunatafuta nauli tena.

Mara tatu tuliambiwa, "Rudini akizidiwa." Neno hilo linaniuma hadi leo. Maji ya saratani hurudi, na waliotuambia walilijua hilo. Kwa nini tusubiri azidiwe?

Mara ya nne daktari mwingine aliniuliza, "Nyumbani kuna nani?" Nikamjibu, niko mimi. Kesho yake mama aliwekewa mpira, akiwa macho, kwa ganzi tu. Ni mrija laini wa silikoni: unaingia kifuani, unapita kipande chini ya ngozi, kisha unatokea ubavuni. Chini ya ngozi umevishwa pete ya kitambaa ambayo nyama huishika, ili usichomoke na vijidudu visipenye. Nje una valvu inayofunguka ukiunganisha chupa tu.

Muuguzi alinifundisha mara mbili. Kila baada ya siku moja, magharibi, nilinawa, nikavaa glovu, nikafuta valvu kwa spiriti, nikaunganisha chupa. Lita moja usivuke. Akikohoa sana au kifua kikimbana, unafunga. Niliogopa usaha, na hofu hiyo ni ya kweli: wapo wanaopata maambukizi, kwa hiyo homa au wekundu penye mrija ni kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Njia nyingine ya kuzuia maji yasirudi ni kunyunyiza unga wa talki kifuani ili pafu ligande ukutani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 106, ulikuta njia zote mbili zinapunguza kuhema kwa kiwango kinachokaribiana, ila wa mpira walilala hospitali siku chache kuliko wa talki. Pafu lisipotanuka, talki haishiki. Hapo mpira ndio tegemeo.

Naomba mgonjwa aelezwe habari ya mpira maji yanaporudi mara ya kwanza, asingoje ya nne. Wauguzi wa wilaya wafundishwe, maana si kila nyumba ina binti asiye na ajira kama nilivyokuwa. Na bima ilipie chupa pamoja na mpira. Zetu tulinunua wenyewe. Tuliuza mbuzi wawili, na wiki zilipopita bila chupa nilimsikia mama akianza tena kuhema usiku.

Basi hakulipanda tena. Miezi mitano ya mwisho alilala kitandani kwake, ubavu kwa ubavu na mjukuu.