Shirazi, vinasaba na kumbukumbu za bibi zetu

Ndugu zangu waungwana, mlio ughaibuni na mlio nyumbani,

Kuna jambo limenikaa rohoni na leo naomba nilitoe. Tangu utafiti wa vinasaba vya Waswahili wa kale ulipochapishwa katika jarida la Nature, Machi 2023, kila upande umejikatia kipande unachokipenda. Huyu anasema, "Mmeona? Babu zetu walitoka Uajemi." Yule anamjibu, "Mmeona? Mama zenu Waafrika, ushirazi wenu wa nini?" Tusidanganyane, wengi wanaogombana hawajausoma.

Watafiti, akiwemo mwanaakiolojia wa Kenya Profesa Chapurukha Kusimba, walipima mabaki ya watu 80. Wengi walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na imepita hasa kwa wanawake. Sehemu iliyotoka Asia nayo si ndogo, na imepita zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na Uhindi kidogo. Kuchanganyika kulishaanza kufikia mwaka 1000 hivi. Uarabu unaongezeka baadaye, baada ya 1500. Haya yanajulikana kwa sababu kuna vinasaba ambavyo kila mtoto huvipata kwa mama yake tu, na kuna kromosomu Y ambayo mtoto wa kiume huipata kwa baba yake tu.

Sasa niulize: habari hii ni mpya kwa nani? Wazee wa Kilwa wamesimulia tangu zamani juu ya baba na wanawe waliotoka Shirazi kwa majahazi saba, na mmoja wao akainunua Kilwa kwa nguo za kuweza kukizunguka kisiwa kizima. Mreno João de Barros aliichapa habari ya wafalme wa Kilwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ipo London katika maktaba ya taifa. Katika masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa yumo pia mzee wa mji, Mrimba, ambaye mgeni yule alimuoa binti yake.

Wakoloni waliichukua hadithi hii wakasema miji yote ya mawe ilijengwa na wageni, mtu mweusi hakuweka hata tofali. Baada ya uhuru wataalamu wakawajibu. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985 (huyo Nurse ni jina lake tu, si mwenzangu wa wodini), walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu na miji ni ya wenyeji, na kwamba Washirazi walikuwa Waswahili wa kaskazini waliohamia kusini. Kwa lugha na kwa miji walisema kweli. Lakini katika kuusafisha uongo wa mkoloni, maneno ya wazee nayo yakatupwa jaani. Leo mifupa inasema wazee hawakuzua.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, na kazi yangu imenifundisha kwamba kumbukumbu si kanda ya kurekodia. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Marekani waisimulie tena na tena, nao wakawa wanaibadili ifanane na wanayoyajua. Na mwaka 2007 watafiti wa London waliwaomba wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi wajione wamelala ufukweni. Wengi hawakuweza kuiunda picha kamili. Yaani sehemu inayotusaidia kukumbuka jana inatusaidia pia kubuni kesho.

Kwa hiyo anayesema "hadithi ina chumvi, basi ni uongo" hajaelewa. Majahazi saba na nguo za kuzunguka kisiwa ndizo ndoana zilizoifanya habari isishuke baharini. Nimemuuguza bibi wa pwani aliyesahau kama amekula asubuhi, lakini alisoma utenzi beti kwa beti bila kukwama. Vina na mizani vilimshika mkono.

Ila hadithi nayo imeacha kitu, na ni kitu kikubwa. Wanawake. Mifupa imejaa mama zetu. Masimulizi niliyoyasoma yanamtaja binti wa Mrimba bila jina. Hao ndio waliowalea watoto kwa lugha hii ninayoiandika sasa.

Kuhusu siasa niseme waziwazi. Vinasaba havibebi kumbukumbu wala havitoi haki ya uraia. Hao 80, na wengi wao walizikwa karibu na misikiti kwa heshima ya wenye nacho, hawawezi kuamua nani mwenyeji wa Unguja au Mombasa leo. Hata jina Shirazi tumelitumia tulivyotaka. Mwaka 1957 liliungwa na Afro likawa chama. Anayeleta karatasi ya maabara katika hoja ya ardhi au kura anakwepa hoja.

Na nyinyi mnaotuma mate kwa posta ili mjue asilimia zenu: kampuni ya 23andMe ilivujiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mnalipa kwa hayo, na bibi yupo chumba cha pili anatazama televisheni asiyoielewa lugha yake.

Mwekeeni simu irekodi. Muulizeni mama yake nani, na mama wa mama yake nani, na nani aliyemhadithia. Msimsahihishe Kiswahili chake, na akitia chumvi mwacheni aitie.

Mimi nimeanza kwa bibi mzaa mama. Nina majina matano ya wanawake. Wa sita jina limepotea, kwetu anaitwa tu "yule wa Tumbatu".