Mzigo wa Fundi Asiubebe Mama

Mwenye kupita Nyawera asubuhi, akitoka Place Mulamba kuelekea sokoni, huona kazi za kila namna. Huyu auza sambaza, huyu ashona viatu, huyu abadili pesa. Kati yao wamo vijana wenye kompyuta juu ya meza ndogo, na kazi yao ni kusimika programu katika simu za watu. Mtu hutoa faranga zake, hungoja kidogo, kisha huondoka simu yake ikiwa tayari. Hatuwadharau vijana hao. Wengi ni watu wa bidii, na bila wao jamaa nyingi zisingesikia sauti za watoto wao walio mbali.

Lakini leo twataka kueleza habari ya mama mmoja tumjuaye, muuza sambaza. Alinunua simu yake ya kwanza yenye kioo cha kugusa, akataka WhatsApp apate kuzungumza na mwanawe anayesoma Kinshasa. Akampelekea kijana mmoja. “Mama, ngoja kidogo tu,” kijana akasema. Simu ilidai akaunti, na kufungua akaunti kwataka kujibu maswali mengi yaliyoandikwa Kifaransa. Kijana, ili kazi iende upesi, akatumia akaunti yake mwenyewe. Mama akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Mwaka ukapita. Mama alizoea kupiga picha kurasa za daftari lake la madeni, maana daftari huloa maji ya samaki. Siku moja simu ikakwama. Fundi wa pili akaifuta yote ili ianze upya. Ilipowaka, ikadai akaunti ile ya kwanza na neno lake la siri. Kijana wa zamani alikuwa amekwisha kuhama. Kumbe kinga hiyo iliwekwa katika simu za Android tangu toleo la 5.1, mwaka 2015, ili mwizi asifaidike na simu aliyoiba. Kinga ya mwizi ikamfunga mwenye mali! Picha za madeni zikapotea, na baadhi ya wadeni wakasahau walichodaiwa.

Kosa ni la nani? Wengine watasema: “Mama asome kwanza, ndipo atumie simu.” Sisi hatukubali. Anayenunua sufuria haulizwi kama ajua kufua chuma. Tukitazama jinsi kazi hii ya kusimika programu ilivyoendelea, tutaona mzigo ulikuwa wa nani.

Programu si kitu kimoja. Ni mafaili mengi yanayotegemeana, kama nguzo na paa la nyumba. Moja likikosekana, nyumba haisimami. Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 95, aliyeinunua kwa disketi alipewa disketi 13, akaziingiza moja baada ya moja. Moja ikiharibika, kazi yote ilisimama. Wakati ule kusimika programu kulikuwa kweli kazi ya watu wenye elimu na subira.

Wengine walitafuta njia iliyo bora. Ian Murdock alianzisha Debian mwaka 1993, na wenzake wakaziweka programu katika ghala moja, kila furushi likiwa na orodha ya vitu linavyovihitaji. Chombo chao kiitwacho APT, kilichotoka pamoja na Debian 2.1 mwaka 1999, kilisoma orodha hizo na kuvileta vyote chenyewe. Kisha, mwezi wa Julai mwaka 2008, Apple ilifungua duka la programu za simu zake, na mwezi wa Oktoba mwaka uleule likafuata duka la Android. Tangu hapo mtu aligusa kitufe kimoja, na programu ikajisimika.

Je, watu walikuwa werevu zaidi mwaka 2008 kuliko mwaka 1995? Hapana. Mafundi walikubali kuubeba mzigo uliokuwa kichwani pa mtumiaji. Basi, kazi hiyo haijaisha. Yamebaki mambo matatu.

Kwanza, lugha. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 yataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini simu nyingi za hapa bado husema Kifaransa. Mama hugusa “Suivant”, tena “Suivant”, kisha “J'accepte”, bila kujua alichokubali. Wala si kweli kwamba Kiswahili hakiiwezi kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiana na Waswidi, kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ila maneno yachaguliwe kwa akili. Neno lililopendeza Dar es Salaam huenda lisieleweke Nyawera, nalo neno lisiloeleweka halimsaidii mtu, hata likiwa la lugha yake.

Pili, mtandao. Mtengenezaji aliye mbali hudhani kila mtu ana mtandao usiokatika. Hapa kwetu kila furushi kubwa ni faranga, na umeme ukikatika katikati ya kazi, faranga hizo huenda zikapotea bure. Programu njema yapasa iwe nyepesi, iendelee pale ilipokatikia, tena iweze kufanya kazi bila mtandao. Mfano ni Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007: huweka kamusi elezo ya Wikipedia katika kadi ndogo, na mwanafunzi huisoma bila kulipia mtandao wowote.

Tatu, uaminifu. Watu wetu hupeana programu kutoka simu hata simu ili kuokoa pesa, na twaelewa sababu yake. Lakini mlango uliofunguliwa kwa urahisi humwingiza mgeni na mwizi pia. Android hudai kila furushi liwe na sahihi ya aliyelitengeneza, na toleo jipya likija na sahihi nyingine, simu hulikataa. Hiyo ni kinga nzuri, lakini haikuambii kama mtengenezaji ni mtu mwema. Kwa hiyo, tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu huomba ruhusa wakati inapohitaji kitu: kamera, sauti, majina ya rafiki zako. Hapo yafaa kujiuliza. Programu ya tochi yatakia nini majina ya rafiki zako? Ikiomba, ikatae.

Wazazi, twawapa mashauri machache. Akaunti ya simu iwe ya mwenye simu, si ya fundi. Neno la siri liandikwe katika daftari linalobaki nyumbani, mahali salama, wala si nyuma ya simu. Fundi anapofanya kazi, simu ikae mkononi mwako, naye akuelekeze. Ukishindwa kusoma, mwombe mwanao akusomee. Tena mambo yenye thamani, kama madeni na namba za jamaa, yaandikwe mahali pa pili.

Nanyi wanafunzi, hasa mnaojifunza kutunga programu, tuna neno kwenu. Mkimaliza kazi yenu, msiipeleke kwanza kwa wenzenu wa darasani. Mkalishe mama yako mbele yake, umpe simu, nawe unyamaze. Usimwonyeshe kitu. Tazama kidole chake. Pale kinaposita, pana kosa, nalo si lake, ni lako. Rudi ukalirekebishe, kisha umkalishe tena.

Mama yule wa sambaza alilazimika kutafuta simu nyingine. Safari hii binti yake wa sekondari alimsomea kila swali kwa Kiswahili cha nyumbani, naye mama akajibu mwenyewe, akachagua neno lake la siri mwenyewe. Kazi hiyo iliwachukua jioni nzima, hata ugali ukapoa. Twatamani siku ije itakapowachukua dakika tano, na mama aimalize peke yake.