Mpimeni Mzee, Msiseme ni Uzee Tu

Hapa Mwamanyili mzee asipoona vizuri tunasema, "Ni uzee tu." Kisha mjukuu anaachishwa shule ili amshikie fimbo njiani. Mimi napinga jambo hili. Je, mzee huyo amepimwa?

Mpimaji wa macho huweka ubao wa herufi mita 6 mbele ya mgonjwa. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwageuzwa, naye huonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Mzee wetu huenda asione hata herufi kubwa ya juu. Hapo kipimo hakijaisha! Ubao usogezwe mita 3, au hata mita 1. Akitaka kugeuza kichwa, aachwe ageuze; huenda anaona vizuri zaidi kwa pembeni. Lenzi nazo zibadilishwe kwa tofauti kubwa, maana tofauti ndogo hataitambua. Kazi hii haitaki haraka. Usione haya kuomba, "Tafadhali, sogeza ubao karibu."

Miwani ya mnadani haikupimwa kwa macho yake. Wala miwani haiondoi mtoto wa jicho. Huo ni ugonjwa wa kupasuliwa. Basi zahanati ikiwapa barua ya kwenda kliniki ya macho, kama ile ya Bugando, Mwanza, mpelekeni.

Si lazima aone kama kijana. Akiweza kwenda chooni na kisimani peke yake, mjukuu atarudi darasani.