Mama Msanii Hahitaji Nasaha, Anahitaji Saa

Kila ifikapo Machi 8 husikika nasaha ileile: mama mwenye kipawa cha kuandika, kuchora au kuimba aamke saa kumi alfajiri, apange ratiba, ajitume. Nasaha hii ina sura ya hekima, lakini kiini chake ni dhuluma. Inamtaka mtu aliyekwisha kunyang'anywa saa zake za mchana azitafute ndani ya usingizi wake.

Wanasihi wetu hupenda kumtaja Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Husahau kwamba alikuwa mjane wa mtawala wa Siyu, na kwamba nyumba za hadhi za zama zile zilihudumiwa na watumwa. Hilo halipunguzi ukuu wa utendi wake. Linatufundisha tu kwamba ili mwanamke mmoja atunge, mikono mingine ilibidi ichote maji.

Je, leo tumebadilika? Mama msomi hupata saa yake ya kuandika kwa kumwajiri dada wa kazi, mara nyingi kwa ujira duni. Saa hiyo haikutoka kwa mume. Imetoka kwa binti maskini, ambaye naye huenda ana utenzi kifuani. Tunahamisha mzigo kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, kisha tunauita ukombozi. Na mama asiye na uwezo wa kuajiri hana hata huo uhamisho.

Maumbile yamempa mama kubeba mimba, kuzaa na kunyonyesha. Kupika, kufua na kuuguza ni mgawo wa kijamii, na dola imeutia muhuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba ikampa siku 3. Siku tatu! Kwa hesabu hiyo, sheria ilimwona baba kama mgeni aliyekuja kutoa hongera.

Nitaambiwa kwamba Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni hatua njema. Lakini tuzo humlipa aliyekwisha kumaliza mswada. Haimsaidii aliyekosa saa ya kuuanza.

Basi tudai mambo matatu. Likizo ya baba iwe ya wiki, si ya siku. Ofisi za umma na vyuo vikuu viwe na vituo vya kulelea watoto. Ruzuku za sanaa zigharimie muda wa kazi, yakiwamo malezi, si kazi iliyokamilika pekee.

Nanyi wanaume mnaosoma haya, wanafunzi kwa watumishi wa umma, msingojee Bunge. Sufuria la jioni ya leo halihitaji muswada wa sheria.